Tarakimu 60 za LUKU: tundu lililojulikana kabla halijaumiza

Mwaka 2024, mteja wa TANESCO aliyenunua umeme alipokea ujumbe mrefu kuliko alivyozoea. Badala ya tarakimu 20 zilikuja 60, zimepangwa katika makundi matatu. Maelekezo yalikuwa mafupi: ingiza kundi la kwanza, kisha la pili, halafu la tatu, ambalo ndilo lenye uniti. Mita ambayo isingefanyiwa hivyo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 isingepokea tena umeme. Huduma ilikuwa bure.

Kwa kaya ya Nyakitonto, kata ya Wilaya ya Kasulu kwenye njia ya kuelekea Kibondo, maelezo hayo yalitosha kuwasha taa. Hayakutosha kumfanya mtu aelewe. Wengi walibaki wakidhani shirika limebadilisha bei kwa ujanja, au limeweka kifaa cha kuwachunguza, au linatafuta namna ya kuwakata deni. Nasikitika kwamba nafasi hiyo ilipita, maana kwa mara ya kwanza kila nyumba yenye mita ilikuwa imeshika mkononi mfano halisi wa kile ambacho wataalamu wa usalama wa mifumo hukiita udhaifu: kasoro iliyomo ndani ya programu au kifaa tangu siku kilipobuniwa, ikisubiri siku yake.

Jambo hili linaihusu Kigoma kuliko mikoa mingi. Hadi 2022 umeme wa TANESCO mkoani humo ulitoka hasa kwenye majenereta ya dizeli, Kigoma mjini kwake, Kasulu kwake, Kibondo kwake. Jenereta la Kasulu likifa, Kibondo hawakujua. Mwaka huo gridi ya Taifa ilifika ikitokea Nyakanazi na majenereta yakazimwa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu mashine za kusaga zilizokuwa zikinywa dizeli zilianza kufungwa mota, na zahanati zikapata friji ya chanjo isiyotegemea gesi. Ila kuunganishwa na wenzako ni kuunganishwa pia na matatizo yao. Kosa linalofanyika kwenye kompyuta ya Dar es Salaam sasa linaweza kumkuta mama anayesaga mahindi Nyakitonto.

Turudi kwenye mita. LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, inatumia kanuni ya kimataifa iliyobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa mamilioni ya mita duniani zinaifuata. Uzuri wake ni kwamba mita haihitaji mtandao. Ile ya kawaida iliyo ukutani kwako haina laini ya simu na haizungumzi na Dar es Salaam. Inazipokea zile tarakimu 20 kutoka kwenye vidole vyako, inazifungua kwa ufunguo wa siri uliohifadhiwa ndani yake, kisha inasoma: uniti ngapi, na zilinunuliwa lini. Ufunguo wa kila mita ni wake peke yake. Ndiyo maana namba za jirani ukiziingiza kwako zinakataliwa.

Hapo kuna swali ambalo mwizi yeyote angeliuliza mapema. Kama mita haiwasiliani na mtu, nini kinanizuia kuingiza namba zilezile kesho, keshokutwa na mwezi ujao? Waliobuni kanuni hii waliliona. Ndani ya kila kundi la tarakimu 20 waliweka muhuri wa wakati, yaani idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993 hadi dakika uliyonunua. Mita inaikumbuka mihuri ya manunuzi ya karibuni. Ukileta muhuri ambao imeshauona, inakwambia namba zimetumika. Ukileta wa zamani kuliko yote inayoikumbuka, inakwambia umepitwa na wakati. Mwenye kutaka kuthibitisha achukue ujumbe wa LUKU wa mwezi uliopita, aingize zile tarakimu mara moja tu, kisha asome kioo.

Sasa nafasi. Tarakimu 20 ni chache, na ndani yake lazima viingie uniti, muhuri wa wakati na alama za kuhakiki kwamba hakuna kilichochezewa. Wabunifu wakautengea muhuri nafasi 24, kila moja ikiwa ama sifuri ama moja. Nafasi 24 za namna hiyo zinaweza kuhesabu hadi dakika 16,777,216 na si zaidi. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, unapata siku 11,650 na ushee, karibu miaka 32. Anza kuhesabu tarehe 1 Januari 1993, utafika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri. Namba mpya utakazonunua zitaonekana kwa mita kuwa ni za kale kuliko zote, nayo itazikataa, ingawa umelipa.

Dawa ilihitaji akili zaidi kuliko inavyoonekana. Ingekuwa rahisi kuiambia mita isahau mihuri yote na kuanza upya. Lakini mita iliyosahau kila kitu ingeweza kupokea tena namba za zamani, na kila aliyetunza jumbe au risiti zake angejipatia umeme wa bure. Kwa hiyo ilibidi ufunguo wa siri wenyewe ubadilishwe, ili namba zote za zamani zigeuke takataka. Ufunguo mpya haukutosha kwenye tarakimu 20, ukagawanywa sehemu mbili. Hayo ndiyo makundi mawili ya kwanza uliyoyaingiza. Yalikuwa kufuli jipya, na kundi la tatu ndilo lilikuwa umeme wako.

Nimelieleza jambo hili kirefu kwa sababu linaondoa dhana moja inayotupotosha. Tukisikia habari za udhaifu wa mifumo tunawaza kijana mwenye kompyuta, usiku, nchi za mbali, akifanya mazingaombwe. Mara nyingi hakuna mazingaombwe. Kuna uamuzi uliofanywa na mhandisi mwadilifu miaka mingi iliyopita, kwa sababu za maana, na mazingira yakabadilika wakati uamuzi ukabaki palepale. Wale wa 1993 hawakukosea. Waliandika wazi kikomo cha hesabu yao, na kwa kuwa kilijulikana, mashirika ya umeme kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya, Uganda na Tanzania yalipata muda wa kujiandaa. Tundu linalojulikana linazibika. Tundu analolijua mtu mmoja tu, tena asiyetutakia mema, ndilo la kuogopa.

Ukiimarisha mita, mwizi hahangaiki nayo tena, anahamia kwenye kompyuta inayotengeneza zile namba. Desemba 2024, mwezi mmoja tu baada ya tarehe ile ya mwisho, shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, lilieleza hadharani kwamba mfumo wake wa kuuzia umeme mtandaoni ulivunjwa na namba za umeme zikatengenezwa kwa udanganyifu. Fikiria uzito wake: mita iko salama, ufunguo uko salama, na mita inazipokea namba hizo kwa heshima zote kwa kuwa zimetoka kwenye chombo halali. Kufuli la mlangoni lilikuwa zima. Aliyeshika funguo ndiye aliyeingiliwa.

Jiji la Johannesburg lilikuwa limeonja upande mwingine wa shida hiyo Julai 2019. Programu haribifu inayofunga mafaili na kudai fidia iliingia kwenye kompyuta za City Power, kampuni inayosambaza umeme jijini humo. Waya, transfoma na vituo vya kupoza umeme havikuguswa. Lakini wateja wa kulipia kabla walishindwa kununua umeme, wakati wa baridi, na mtu ambaye uniti zake zimekwisha hajali kama kilichoharibika ni waya au kompyuta. Julai 2023 Wakenya nao waliona mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen ukizidiwa na mashambulizi ya makusudi, na ununuzi wa umeme kwa simu ukayumba siku hizohizo.

Kwetu, Mei 2021, LUKU iligoma nchi nzima. Wenye uniti za akiba walikaa kwa wasiwasi, wasio nazo walikaa gizani, na foleni zikajaa kwenye ofisi za shirika. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, aliagiza wasimamizi wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Uwajibikaji ni jambo jema, lakini kumsimamisha mtu si kuziba tundu. Pale ambapo adhabu ndiyo jibu la kwanza, fundi wa kesho atakayeona dalili ya kasoro atajifunza kunyamaza, na ukimya wa fundi ni udhaifu mkubwa kuliko wowote uliomo kwenye programu.

Mpaka hapa nimezungumzia kuuza na kununua. Kuna tabaka lililo chini zaidi ambalo mteja halioni kabisa: mifumo inayoendesha mitambo yenyewe. Swichi kubwa kwenye kituo cha kupoza umeme, mlango wa maji kwenye bwawa, pampu ya kisima kirefu, vyote siku hizi vinapokea amri kutoka kwenye vikompyuta vidogo, na vikompyuta hivyo vinasimamiwa kutoka chumba cha udhibiti. Gridi yetu kwa miaka mingi imeongozwa kutoka Ubungo, Dar es Salaam.

Baadhi ya lugha zinazotumiwa na mitambo hiyo ni za zamani. Moja ya zinazotumika sana duniani, Modbus, ilitolewa mwaka 1979. Wakati huo waya ulitoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya kiwanda kimoja, na aliyeweza kuugusa alikuwa mfanyakazi. Hapakuwa na sababu ya kuuliza utambulisho. Kwa hiyo lugha hiyo haiulizi. Kifaa kikiambiwa funga, kinafunga. Kikiambiwa fungua, kinafungua, mithili ya mlinzi anayefungua geti kwa kila anayepiga honi. Haikuwa kasoro mpaka siku ile waya huo ulipounganishwa na mtandao wa ofisi, na mtandao wa ofisi ukaunganishwa na intaneti, kwa sababu meneja alitaka kuona takwimu akiwa mezani kwake.

Kilichotokea Ukraine kinaonyesha mwisho wa njia hiyo. Tarehe 23 Desemba 2015, mchana kuelekea jioni, wafanyakazi wa chumba cha udhibiti katika kampuni ya umeme ya magharibi mwa nchi hiyo waliona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe kwenye kioo. Kilikwenda kwenye alama ya swichi, kikabofya, kikathibitisha, na eneo zima likazimika. Kikahamia kwenye swichi nyingine. Waliposhika kipanya hakikuwasikiliza. Kampuni tatu zilishambuliwa kwa wakati mmoja na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Ili kuchelewesha msaada, wavamizi walizifurikisha simu za huduma kwa wateja zisipokee mtu, na wakaziharibu programu za vifaa vya mawasiliano vituoni ili amri za kuwasha kutoka mbali zisifike.

Walianzia wapi? Kwenye barua pepe. Miezi mingi kabla, wafanyakazi wa ofisini walitumiwa faili la kawaida la maandishi, lililowaomba wabofye kuruhusu kipengele fulani. Aliyebofya aliwafungulia. Tangu hapo wageni walikaa ndani kimyakimya, wakasoma nywila, wakajifunza kazi ya kila swichi.

Nataka msomaji ashike hasa namna umeme ulivyorudi. Ulirudi ndani ya saa chache, na haukurudishwa na programu. Mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda kituo kwa kituo, wakafunga swichi kwa mikono. Mitambo yao ilikuwa ya kizamani kiasi kwamba mikono bado ilikuwa na nafasi, na mafundi walikuwa bado wanajua. Nchi yenye mitambo mipya kabisa, isiyo na mpini wa mkono, ingekaa gizani muda mrefu zaidi.

Wapo wanaojifariji kwamba mtambo usiounganishwa na intaneti hauingiliki. Kiwanda cha Natanz nchini Iran hakikuunganishwa. Programu ya Stuxnet, iliyogundulika mwaka 2010, iliingia humo kwa njia ya flashi, ikazivuruga mashine za kurutubisha urani huku vioo vya waendeshaji vikionyesha kwamba kila kitu ni shwari. Flashi zilezile ndizo zinazozunguka kwenye steshenari zetu, kutoka kompyuta ya ofisi ya kata hadi ya mwanafunzi na kurudi.

Mtu atauliza: kama matundu yanajulikana, kwa nini hayazibwi? Simu yako ikipata sasisho inazima dakika tano na kuwaka. Mtambo wa umeme au maji hauzimwi hivyo. Kuuzima kunamaanisha wilaya kukosa huduma, na sasisho lisilojaribiwa linaweza kuuangusha kabisa. Tena mitambo hununuliwa itumike miaka 20 au 30, wakati aliyeandika programu yake huenda ameshafunga biashara. Kwa hiyo kazi kubwa ya ulinzi ni ya kuzunguka udhaifu usioondoleka: kutenganisha mtandao wa ofisi na wa mitambo, kubadilisha nywila zilizotoka nazo kiwandani, kumpa kila mfanyakazi ruhusa ya kazi yake tu, kuweka nakala za akiba mahali pasipofikika kwa mtandao, na kumfundisha fundi kuendesha kwa mkono. Haina mvuto wa kupigwa picha wakati wa uzinduzi. Ndiyo maana inasahaulika kwenye bajeti.

Kigoma ina nafasi ambayo mikoa mingine imeshaipoteza. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, wa megawati 49.5, utauletea mkoa mtambo wake wenyewe, ukiwa na kompyuta zake. Wapo wazima na wenye nguvu mafundi waliolea majenereta ya Kasulu na Kibondo, wanaojua sauti ya mashine inayoelekea kubaya kabla taa ya onyo haijawaka. Ujuzi huo usiachwe ustaafu nao. Masharti ya usalama nayo yaandikwe kwenye mikataba sasa: nani atatoa masasisho, kwa miaka mingapi, na nani ana nywila ya kuingilia kutoka nje ya nchi. Kuyadai hayo baada ya mtambo kufungwa ni kumbembeleza muuzaji. Mita za maji za kulipia kabla nazo zimeanza kufungwa katika vijiji kadhaa nchini. Kamati ya maji ya kijiji inayoletewa mita hizo ina haki ya kuuliza maswali hayohayo.

Kuna pia suala la nani aseme. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na ni sawa. Lakini kijana wa chuo anayegundua kwa bahati kwamba tovuti ya taasisi inaanika taarifa za wateja yuko njia panda: akisema anaogopa kushtakiwa, akinyamaza tundu linabaki. Kwingineko duniani umejengeka utaratibu. Aliyegundua anamweleza mwenye mfumo kwa siri, anampa muda, mara nyingi siku 90, ndipo jambo linatangazwa. Orodha ya kimataifa ya udhaifu unaojulikana imekuwapo tangu 1999 na kila kasoro ina namba yake. Tanzania tunacho kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kila taasisi ya umma inayouza huduma kwa mtandao inapaswa kuandika ukurasani mwake kwamba ukiona kasoro utuambie hapa, na hatutakushtaki ukiwa na nia njema. Sentensi hiyo moja ingetuokolea mengi.

Na kuna udhaifu usiohitaji kompyuta. Mita ikigoma kijijini, anayefika kwanza mara nyingi ni kishoka, mwenye koleo na maneno matamu, anayesema atakufungulia mita kwa elfu kumi. Mwingine hafiki kabisa. Anapiga simu akijitambulisha kuwa mtu wa TANESCO, anataka namba ya siri ya pesa zako au anakuagiza utume hela kwenye namba fulani ili mita isifungwe. Kazi iliyofanyika Ukraine kwa barua pepe inafanyika Kasulu kwa simu ya kitochi, na inafaulu kwa sababu ileile: mtu anaharakishwa asipate nafasi ya kuuliza.

Kwa hesabu hiyohiyo ya dakika, ufunguo mpya ulioingizwa mwaka 2024, ambao unaanza kuhesabu kutoka 2014, utafika kikomo tarehe 24 Novemba 2045. Hiyo ipo mbali na inajulikana. Ya leo ni haya: usimpe mtu namba ya siri, usimlipe kishoka kwa huduma iliyo bure, mita ikigoma piga 180 bila malipo, na ujumbe wa kitapeli ukikufikia utume kwenda 15040 kabla ya kuufuta.